Kuku wa Kuchi na Mfugaji Anayeanza

Twawaletea salamu kutoka Chitete, katika wilaya ya Momba, nchi ya mahindi, mtama na ufuta, katika Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Leo hatukuja kusema juu ya kilimo. Tumekuja kusema juu ya kuku, wala si kuku wote, ila kuku mmoja mwenye kiburi, aitwaye kuchi.

Kila mtu aonaye kuchi mara ya kwanza husimama. Shingo yake ni ndefu, kifua kimeinuka, miguu ni mirefu na minene, na hutembea kama askari aliye zamuni. Upanga wake wa kichwani ni mdogo na umelala, ndevu zake ni fupi, mdomo wake ni mfupi, mnene, umepinda kama wa kasuku. Manyoya yake ni machache, hata ngozi nyekundu ya kifuani huonekana. Jogoo aliyekomaa na kulishwa vema hupita kilo 2 na nusu. Basi haishangazi kwamba watu wengi, wakisha kumwona, hutamani kumfuga. Lakini kutamani si kujua, na maneno yetu ya leo ni kwa yule atamaniye asiyejua bado.

Kwanza tujue ametoka wapi. Kuku wote wa nyumbani asili yao ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Hata Charles Darwin wa Uingereza aliandika hivyo mwaka 1868, na uchunguzi wa siku zetu umemthibitisha. Katika nchi hizo za Asia watu walichagua, kizazi baada ya kizazi, kuku warefu wenye nguvu kwa ajili ya kupiganisha. Wajapani wanaye wao, jina lake Shamo, na jina hilo latokana na Siam, nchi iitwayo sasa Thailand. Wataalamu waliochunguza urithi wa damu ya kuchi wa Tanzania wamekuta kwamba ana undugu na huyo Shamo. Basi kuchi ni mgeni aliyevuka bahari, akawa mwenyeji. Leo yuko Unguja na Pwani, na huku bara yuko Tabora, Shinyanga na Mwanza, na wachache wamefika hata kwetu, ndani ya matenga juu ya malori yaendayo Tunduma.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Nasi hatutaficha makosa yetu, maana mwalimu afichaye kosa lake humnyima mwanafunzi nusu ya somo.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua jogoo mmoja na mitetea miwili. Tulitoa fedha tulizoziweka akiba kwa muda mrefu. Tukawajengea banda, tukawalisha, tukajisifu kwa majirani. Mwezi wa pili tukapita gulioni, tukaona tembe mzuri wa kienyeji, bei yake ndogo, tukasema, huyu ataatamia mayai ya kuchi. Tukamchukua, tukamtia bandani jioni ile ile pamoja na wengine. Siku ya nne alianza kusinzia. Siku ya tano akaharisha maji ya kijani. Kisha yule jogoo wetu, aliyekuwa akiwika hata mtaa wa pili ukamsikia, akakaa pembeni, akafumba macho, na shingo yake ikapindika nyuma. Kabla ya majuma mawili kwisha, palibaki mtetea mmoja tu. Tulisimama mbele ya banda lile na watoto wetu, wala hatukuwa na neno la kuwaambia.

Ugonjwa ule ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Si laana, wala si jicho la jirani. Ni ugonjwa wa virusi, uliotambuliwa Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza mwaka 1926. Ukiingia katika banda lisilochanjwa, huweza kuua karibu wote. Dawa ya kuuponya haipo. Iliyopo ni chanjo, nayo hutangulia ugonjwa, haiufuati. Hapa Tanzania iko chanjo iitwayo I-2, istahimiliyo joto kuliko chanjo za zamani, nayo hutengenezwa Kibaha. Hutiwa jichoni mwa kuku, tone moja tu, na kuku akipepesa jicho kazi imekwisha. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne kwa shauri la afisa mifugo. Mtu mmoja hushika kuku, wa pili hudondosha, na kijana wa shule huandika tarehe daftarini. Wafaa kijiji kizima kuchanja siku moja, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango ulioachwa wazi.

Wahenga walisema: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi twaongeza: wala hakosi banda la peke yake. Kila kuku aingiaye nyumbani kwako, awe amenunuliwa, amepewa zawadi, au amerudi kutoka safarini, mtenge mbali na wenzake siku 14. Mpe chakula chake na chombo chake cha maji, na umhudumie mwisho, baada ya kuwahudumia wale wenyeji. Lau tungalifuata neno hili dogo, jogoo wetu angalikuwa hai.

Mtetea yule mmoja aliyebaki ndiye mama wa kuku wote tulio nao sasa. Tulimtafutia mume, nasi kwa habari hiyo twafika katika jambo la kuchagua.

Anayeanza asinunue wengi. Jogoo mmoja na mitetea 2 au 3 yatosha. Usidanganywe na ukubwa peke yake. Mtazame jogoo macho: yawe maangavu, yasiyo na maji wala ukungu. Sikiliza pumzi yake: isiwe na mkoromo. Mguse kifuani: mfupa wa kidari uwe umenyoka, usiwe umepinda. Mfanye atembee: miguu iwe imara, vidole vimenyoka. Inua manyoya chini ya mkia uone kama ni safi, na kama hakuna chawa. Kisha muulize muuzaji, baba yake na mama yake wako wapi? Kama aweza kukuonyesha, vema. Jogoo mkubwa aliyezaliwa na wazazi wadogo huenda asikupe watoto wakubwa, lakini jogoo mzuri wa ukoo mzuri hurithisha.

Tena angalia alama za kale. Ukimwona jogoo amechongwa kipi cha mguuni, ana makovu kichwani, au jicho moja limekufa, basi jua alipiganishwa. Makovu hayarithiwi, lakini maisha yale huacha kuku dhaifu, na mara nyingi huuzwa kwa sababu hafai tena.

Banda. Kuchi ni mzito, naye si mrukaji hodari. Kitulio cha kulalia kisiinuke kupita goti la mtu mzima, na mti wake uwe bapa kidogo, usiwe mwembamba, maana akishuka kutoka juu huumia nyayo na kidari. Banda lenye hatua 4 kwa 3 latosha jogoo na mitetea 5. Liwe na upenyo wa hewa upande usiopigwa na pepo, na wavu au fito za karibu karibu ili kicheche asipite. Sakafuni tandika maranda au majani makavu, uyatoe yakilowa. Pembeni weka shimo la majivu na mchanga, waoge humo. Majivu ni sabuni ya kuku, huwaondolea chawa na utitiri.

Chakula. Watu wengi husema kuku hujitafutia. Kweli, kuku wa kienyeji mwepesi hujitafutia, lakini kuchi ana mwili mkubwa wa kujenga, na ukimwacha ajitafutie peke yake atakuwa mrefu bila nyama. Sisi hutumia kipimo hiki: makopo 7 ya pumba za mahindi, makopo 2 ya mashudu ya alizeti au ya ufuta, na kopo 1 la dagaa waliosagwa. Mchicha na majani mabichi huwafungia kamba juu kidogo, wadonoe. Maganda ya mayai twayakausha, twayasaga, twawapa mitetea watagao. Kwa vifaranga twatafuta mchwa: twaweka chungu chenye mabua yaliyolowanishwa, twakifudikiza juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi twakuta chakula kisichonunuliwa. Maji safi yasikosekane. Na mahindi yaliyoota ukungu usiwape kamwe, ati kwa kuwa hayafai kwa watu. Yana sumu, na sumu hiyo huwadhuru kuku pia. Mwaka 2016 sumu ya namna hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kutotoa. Hapa kuchi huwashinda wanaoanza. Mtetea wa kuchi hukomaa pole pole, hutaga mayai machache kuliko kuku wa kienyeji, na kwa uzito wake huweza kuyavunja akiyaatamia. Kwa hiyo sisi hukusanya mayai ya kuchi, tukayaweka mahali pa baridi, ncha chini, tukayageuza kila siku, wala hatuyaweki kupita siku 7. Kisha koo wa kienyeji, mwepesi, mpole, aliyeanza kuatamia, twamwekea usiku mayai 8 au 9 ya kuchi, kwa kuwa ni makubwa kuliko yake. Siku ya 7 twayatazama gizani kwa mwanga wa tochi: lenye mishipa kama mizizi lina uhai, lililo jeupe lote halina kitu. Siku ya 21 hutotolewa.

Kifaranga cha kuchi huchelewa kuota manyoya. Wa kienyeji amekwisha vaa, yeye bado yu uchi mabegani. Basi baridi ya Juni na Julai humwua upesi. Sisi sasa hatutotoleshi katika miezi hiyo, na vifaranga wetu hukaa ndani na mama yao majuma 4 kabla ya kutembea nje, ambako mwewe anawangoja. Chanjo ya mdondo huanza mapema, na ya ndui hufuata, kwa kuwa ndui huenezwa na mbu, nasi mvua ikinyesha twajua mbu hawako mbali. Muulize afisa mifugo umri ufaao kwa kila chanjo.

Kupandisha. Jogoo mmoja ampe mtu mitetea 5, isizidi 8. Asiwapande binti zake, wala kaka asimpande dada yake. Ukoo ukijirudia hivyo mara kwa mara, mayai mengi huwa hayana uhai, vifaranga huwa dhaifu, na ukubwa ule uliokupendeza hupungua. Kila mwaka wa pili badilisheni majogoo na mfugaji wa kijiji kingine, nanyi mtapata damu mpya bila kutoa fedha. Andikeni daftarini: mtetea huyu ni wa jogoo yule, ametaga mayai mangapi, vifaranga wangapi wamekua. Fungeni uzi wa rangi mguuni mwa kila kuku. Mtoto wa darasa la tano aweza kazi hiyo, tena atajifunza hesabu yenye maana.

Mtu atauliza, je, nikimpa jogoo wa kuchi mitetea yangu ya kienyeji? Vema. Watoto wao huwa wakubwa kuliko mama zao, nao ni wepesi wa kuuza. Lakini usiwaite kuchi, na usiuze machotara kwa bei ya kuchi halisi. Tena usichanganye wote. Mtetea wa kienyeji ana ulezi mwema na mayai mengi, na mali hiyo ikipotea kijijini hairudi kwa urahisi. Waweke kuchi upande mmoja, wa kienyeji upande mmoja, na machotara wa kula na kuuza katikati.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Vipora wa kuchi, wakifika miezi 4 au 5, wataanza kupigana, na hawapigani kama wengine, wapigane kidogo kisha mmoja akimbie. Damu yao ilichaguliwa isikimbie. Watengeni mapema, kila mmoja na tundu lake, na ukuta kati yao uwe wa kuziba, wasionane. Usiku mmoja kitasa cha tundu kilikuwa kimelegea, nasi tukasema, tutakitengeneza kesho. Alfajiri tulikuta vipora wawili, ndugu wa mama mmoja, mmoja amekufa, wa pili haoni. Hakuna aliyewapiganisha ila uvivu wetu.

Lakini wako wanaowapiganisha kwa makusudi. Muhula mmoja, michango ya shule ya watoto wetu ilipokuwa imefika na mahindi yalikuwa bado shambani, vijana wawili walikuja jioni. Wakasema kwa adabu, “Shikamoo mwalimu. Tumesikia jogoo wako ni moto. Tukodishie siku moja tu, tutakupa fedha sasa hivi, na akishinda tutagawana.” Fedha ile ilikuwa mkononi mwao, nasi tuliiona. Ilitosha michango ya mtoto mmoja na kusaza kidogo.

Hatutawadanganya kwamba jibu lilikuwa jepesi. Tuliingia ndani tukanong'onezana. Mama wa nyumba akasema, “Jogoo huyu amelishwa na watoto hawa kila asubuhi. Akirudi na jicho moja, tutawaambia tulilipia shule kwa kitu gani?” Tukatoka, tukawaambia vijana hapana, tukawapa maji ya kunywa, wakaenda zao. Wiki ile tuliuza vipora watatu wazuri kwa wafugaji wa Tunduma, tena kwa bei iliyotupita matumaini, kwa sababu walikuja na daftari la wazazi wao na tarehe za chanjo. Michango ikalipwa.

Twasema hivi si kwa kujisifu, bali kwa sababu kila afugaye kuchi atajiwa na vijana wale siku moja. Uingereza, ambako mchezo huo ulipendwa na wakubwa kwa wadogo, ulikatazwa na sheria mwaka 1835. Tanzania nayo inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikatazayo ukatili kwa wanyama. Lakini hata bila sheria, mtu na apige hesabu. Jogoo wa kupigana hukupa fedha za dau mara moja au mbili, pengine hukunyang'anya, kisha hufa au hubaki kilema. Jogoo wa mbegu huzaa miaka 3 au zaidi, na kila mwaka watoto wake huuzwa. Anayempiganisha jogoo wake wa mbegu ni sawa na mkulima akaangaye mbegu za msimu ujao.

Tena ushujaa wa kuchi hauhitaji damu ili uonekane. Simama nje ya banda asubuhi, umtazame akiita mitetea yake aonapo punje moja, yeye asile kwanza, awaachie. Au mwewe apitapo juu, umwone akinyosha shingo na kutoa sauti ile nzito, na vifaranga wote wakajificha. Ndiyo nguvu aliyo nayo, na hiyo yatosha.

Tukusanye maneno yetu. Anza na wachache. Mtenge kila mgeni siku 14. Chanja kabla ya ugonjwa. Mpe koo wa kienyeji mayai ya kuchi. Usipandishe ndugu kwa ndugu. Tenga vipora mapema, na kitasa kilicholegea kitengenezwe leo. Andika daftarini. Na yule ajaye jioni na fedha za dau, mpe maji anywe, umwage kwa amani.

Mtetea wetu yule aliyenusurika sasa ni mzee, hatagi tena. Watu hutuuliza kwa nini hatumchinji. Hula punje zake jua linapochwa, akiwa na wajukuu wake pande zote, nasi twamwacha. Alitufundisha kwa hasara iliyotuuma, na ninyi mliosikia leo mmefundishwa bure.